Alhamisi Ardhi Inapopumzika

Kumasi,
11 Novemba 1991.

Dada yangu Adwoa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na lile goti nililosikia linakusumbua limepoa. Anwani yako nimepewa na Mama Ekua, yule muuza vitenge anayekwenda na kurudi Abidjan, tena kwa shingo upande. Amesema umenenepa kidogo na unacheka kama zamani. Nilimfanya anieleze kicheko chako mara tatu, mpaka akaniuliza kama nina wazimu. Miaka kumi na tisa si mchezo, dada. Nilidhani nimezoea kukukosa, kumbe nikimwona mtu sokoni anabonyeza biringanya moja moja kama wewe, nalia palepale mbele ya watu.

Mimi sijambo. Bado niko posta nagonga mihuri. Mume wangu alifariki mwaka juzi, nadhani ulisikia. Mjomba Boakye yupo. Macho yamepungua, ila mdomo uko palepale.

Mwezi uliopita niliitwa kortini, si kwa kosa, bali kukaa katika jopo la watu saba wanaoamua kesi ya mauaji. Tunasikiliza, kisha tunafungiwa chumbani mpaka tuseme kama mtu ana hatia au hana, na kwa kesi ya kunyongwa lazima wote saba tuwe na neno moja. Hakimu alituonya kwamba ya chumbani yabaki chumbani. Nayatoa kwako peke yako, na utaona kwa nini.

Mshtakiwa aliitwa Kwabena Badu, mkulima wa kakao, umri kama wangu. Jirani yake, waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa mashamba, alikutwa amekatwa panga nyuma ya nyumba yake mchana wa Alhamisi. Hakuna aliyeona. Badu alisema saa hiyo alikuwa shambani kwake, ng'ambo ya mto. Basi mwendesha mashtaka akamcheka. Akamuuliza ni Mwashanti gani huyo aendaye shambani Alhamisi, siku ardhi inapopumzika na hata jembe huachwa ukutani. Alifuata nini huko? Badu akasema alikwenda tu. Alikuwa na nani? Akainamisha kichwa, asijibu. Kesi nzima ikasimama juu ya kimya hicho.

Chumbani feni ilikuwa mbovu na kila mtu alitaka kwenda kwao. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Amponsah wa idara ya maji, mtu wa taratibu. Mwalimu Gyamfi, ambaye hajui kunyamaza, alisema labda jamaa alikwenda kuisomea kakao magazeti. Tukacheka, nami nikacheka. Muuguzi mmoja akasema mtu mzima angetunga basi uongo wa mtu mzima. Amponsah akaomba anayeona ana hatia ainue mkono. Ikapanda mikono saba. Ndiyo, dada, na wangu ulikuwemo. Hazikupita hata dakika kumi.

Amponsah alipokwenda kugonga mlango tutolewe, nikasikia sauti yangu ikimwomba asubiri. Mwalimu Gyamfi akanigeukia: "Mama Posta, watu tuna njaa. Unasubiri nini tena?"

Nikawaambia najua mtu anafuata nini shambani Alhamisi. Anafuata kutoonekana, maana ndiyo siku pekee ambayo hakuna mwingine huko. Nikawaambia kwamba kwa miaka miwili nilikwenda kila Alhamisi shambani kwa mama, chini kule kwenye kijito, kukutana na Kwaku Nsiah. Alikuwa wa ukoo wetu, Asona kama sisi, kwa hiyo kwa watu alikuwa kaka yangu na posa yake isingepokewa na mtu. Hatukuchukua jembe wala kung'oa jani. Nikawaambia kwamba kama mimi ningesimama pale kizimbani nikaulizwa nilikuwa na nani, ningeinamisha kichwa vilevile, hata kwa kitanzi. Nililia, dada. Kwaku alioa huko mjini Sunyani, sijamwona tena, na mpaka leo Alhamisi ikifika nasikia upweke kuliko siku nyingine zote.

Hakuna aliyecheka. Gyamfi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Amponsah akarudi kukaa, akasema basi hilo si uongo uliothibitika. Tukiliweka kando, tumebaki na nini? Tukahesabu: ugomvi wa mpaka, na panga ambalo halikupatikana. Tulibishana mpaka alasiri. Mikono ilipopanda tena, saba wote tulisema hana hatia. Sijui kama hakuua. Najua tu kwamba hatukujua.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Mwaka ule kaka yetu Yaw alipoumwa na nyoka akafa, wazee walisema kuna mtu aliyeikanyaga ardhi siku yake ya kupumzika. Wakakuta kitenge chako cha ndege wa bluu kando ya kijito. Mjomba alikizungusha kwa kila mtu, akiuliza ni cha nani. Kiliponifikia nikasema ni cha Adwoa.

Sikudanganya, na hilo ndilo baya zaidi. Kilikuwa chako, uliniazima asubuhi ya Alhamisi ile kwa mkono wako. Ulinitazama, ukangoja niseme lililobaki, nami nikatazama miguu yangu. Hukujitetea hata kwa neno moja. Kondoo wa kuitakasa ardhi alichinjwa kwa jina lako, mama akaacha kula chakula ulichopika, na wiki haikuisha ukaondoka. Wageni sita walimsubiri Badu kwa sababu niliwaomba. Kwako hakuna aliyeomba tusubiri, na aliyejua nilikuwa mimi.

Jumapili nilisimama mbele ya ukoo nikasema yote. Mjomba alilia, kisha akaagiza kondoo mwingine achinjwe, safari hii kwa jina langu. Nimekubali. Alitaka siku iwe karibu, lakini nimemwambia hachinjwi mtu wala kondoo mpaka wewe uwepo. Amenuna, ila atangoja.

Wasalimie watoto, uwaambie wana mama mdogo. Ukija, nitasimama stendi. Usiponisemesha nitakubebea mzigo hivyo hivyo.

Mdogo wako anayekukosa,
Yaa Konadu