Gloriose, Sasa Olga Amefaulu Kweli

Mwaka umetimia, Gloriose wetu, tangu ulipofumba macho nyumbani kwako Songo ukiamini kwamba Olga amefaulu mtihani wake wa maabara. Hakuwa amefaulu. Tulikudanganya, na leo tunakuambia mbele ya wote wanaosoma, maana tulichoka kuubeba uongo huo na, Mungu ni mwema, hatuubebi tena.

Wengi wanakukumbuka kwa mkono wako mwepesi. Miaka ishirini na miwili ulitoboa vidole vya watoto kuchukua damu kwenye maabara ya kituo cha afya cha Kilibula, na kazi ilikwisha kabla hawajaanza kulia. Ulikuwa mkali kwa vyombo vichafu, mpole kwa watu. Jumapili ulichelewa misa kwa kupiga pasi koti jeupe la Jumatatu, wala hukuona haya.

Olga, binti wa mdogo wako Léopold, alipoanza kusoma biokemia, mikono yake ilitetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Ukamketisha mezani na bomba la sindano lisilo na ncha, apime mililita moja ya maji, amwage, apime tena. Ukadondosha iodi kwenye ugali wa muhogo aone wanga unavyogeuka bluu. Mumeo Kizito akasusa sahani, nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu. Olga alipokimbilia kufungua kitabu, ulimkatiza: "Minye siulizi kitabu. Weye uliona nini? Andika ile uliona."

Kulisahau neno hilo ndiko kulikomwangusha. Siku ya mtihani alipewa kichupa apime kama kina sukari. Kitabu kilisema penye sukari dawa ya bluu itageuka rangi ya matofali. Yake ilibaki bluu. Akaogopa, akaandika matofali. Kumbe alikuwa amepewa maji matupu. Akaambiwa arudie mwaka, na akianguka tena asirudi shuleni.

Wewe wakati huo ulikuwa kitandani, umebaki sauti tu. Ukauliza: "Olga amefaulu?"

Léopold akajibu: "Amefaulu, dada."

"Aksanti Mungu," ukasema. Siku mbili baadaye ukatutoka. Kwenye matanga watu walimshika Olga mkono wakimpongeza, naye akaitikia huku akitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo Léopold hakuweza hata kukutaja kwenye sala ya chakula.

Juma lililopita Olga alirudi mtihanini. Safari hii walipewa wanga na mate, vichupa vikae kwenye maji ya digrii thelathini na saba mpaka mate yaumalize wanga na iodi isigeuke bluu tena. Katikati ya kazi umeme ukakatika, maji yakaanza kupoa. Wenzake wakaandika majibu ya kitabuni, wakatulia. Olga akaviziba vichupa vyake, akavifunga kwenye leso, akavitia kwapani, kama ulivyokuwa ukifanya pale kituoni jenereta ilipokosa mafuta. Kisha akaandika yote: umeme ulikatika dakika ya sita, amepasha kwapani, kichupa cha pili bado kina bluu kidogo.

Michée, assistant anayesimamia maabara, aliisoma karatasi hiyo kwa sauti. "Kwapani?" akauliza, na darasa likaangua kicheko.

"Ndiyo, Assistant," Olga akasema. "Mwili iko na thelathini na saba. Na ile bluu niliiona."

Michée akaweka karatasi juu ya nyingine zote. "Courant ilikatika kwetu wote," akasema. "Ni weye tu njo umeiandika."

Akampa kumi na saba kwa ishirini. Olga alirudi nyumbani kwao Rugenge kwa miguu, akamkuta baba yake ananyoa ndevu. Léopold aliposikia, alikaa chini na povu lake usoni akalia, na sisi tukamwacha alie. Jioni alipoombea chakula alikutaja jina mara tatu. Ugali ukapoa, hakuna aliyenung'unika.

Tunaokukumbuka ni mumeo Kizito, wanao Toussaint na Eliane, mdogo wako Léopold na mkewe Émérance, Olga uliyemfundisha, na wenzako wote wa kituoni. Siku zote uko nasi. Utusamehe, Gloriose. Neno la mwisho tulilokuambia, leo ni kweli.