Kamera ya Maksai Wawili

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua mbuzi, nimekunywa chai, nimefungua katalogi. Kila asubuhi hivyo. Kathiani yote, na nikisema Machakos yote sidanganyi, hakuna mtu anaelewa kamera za zamani kunishinda. Wazungu wenyewe wakifika hapa lazima waulize niko wapi. Hii katalogi nilipewa na mwenye duka la kamera Nairobi, wakati nilikuwa karibu meneja wake. Naijua jalada hadi jalada. Ukurasa wa tisa ndio wangu. Kamera iliyo hapo ndiyo iliyo kwa kabati yangu, na bei yake ya zamani iko chini: shilingi elfu moja mia mbili. Siku hizo hiyo ni maksai wawili walionona. Leo kila mtu na simu, ati mpiga picha.
Chai imebaki. Huwa napika ya watu wawili. Sijui kwa nini.

Jumanne, 3 Juni
Mwikali amepiga simu kutoka Syokimau. Binti wa marehemu kaka yangu Mutua. Namwita mwaitu, yaani mama, kwa sababu amebeba jina la mama yetu. Mutua alikufa huyu akiwa bado tumboni. Hajawahi kuona sura ya baba yake. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipokufa. Picha nyingine hakuna.
Tangu akiwa mdogo nimemwambia baba yako yuko ndani ya kamera yangu, amevaa suti ya harusi, ni kusafisha filamu tu kumebaki. Mafundi wa filamu walikwisha, nilikuwa nasema. Sasa amempata mmoja Nairobi. Anakuja Jumamosi kuchukua kamera. Anaolewa Agosti na anataka baba yake awe mezani siku hiyo.
Nikasema vizuri sana. Kisha nikakaa chini.

Jumatano, 4 Juni
Sokoni. Nimewaeleza watu wa hoteli bei ya kamera na nikajikuta nimesema maksai wanne. Musyoka kinyozi akaweka kikombe chini. "Mzee wa kamera, mwaka jana walikuwa wawili. Hao maksai wako wanazaana?" Watu wakacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni. Maksai amehasiwa, atazaa na nini. Nikacheka pia. Nikarudi nyumbani mapema.
Hakuna aliyeniuliza niko na shida gani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefikiria kuitupa chooni na kusema imeibwa. Nimefika nayo mpaka mlangoni. Nikarudi.
Maksai wawili ni maksai wawili.

Ijumaa, 6 Juni
Wacha niandike. Kamera haina filamu. Haijawahi kuwa nayo.
Siku ya harusi ya Mutua walikuwa wameita mpiga picha kutoka Tala. Nikamfukuza. Nikamwambia rudi kwenu, hii familia iko na kamera ya maana. Nikapiga siku nzima. Mutua na bibi yake. Mutua na mama. Mutua amepanda kiti, ati aonekane mrefu. Wakaniuliza picha ziko wapi, nikasema zinakuja. Baada ya mazishi ndio nikaipeleka studio mjini. Kijana wa studio akaifungua, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.
Sijaambia mtu.
Mpango: Mwikali aende nayo. Fundi akikuta hakuna kitu, nitasema fundi ameiba filamu. Ni mpango mzuri. Nauchukia.

Jumamosi, 7 Juni
Amefika saa nne. Sukari, majani chai, na mfuko mweusi wa kufunga kamera isipigwe na mwanga. Na fremu. Kubwa, ya mbao. Ameshainunua. Ameisimamisha mezani kwangu, akaiangalia kama mtu yuko ndani.
Mpango ukanitoka. Nikachukua kamera, nikatoka nayo kwa jua, nikaifungua mgongo.
"Anko, mwanga! Utamharibu baba!"
Alikuwa amevua sweta tayari. Akaifunika, akaikumbatia kwa mikono miwili.
"Hakuna cha kuharibika, mwaitu. Angalia."
Ilichukua muda kabla hajaondoa sweta. Ndani safi, kama sufuria ya dukani.
Nikamwambia yote. Kwamba nilidhani kamera inauzwa na filamu yake ndani. Kwamba mpiga picha alikuwepo na ni mimi nilimfukuza. Ilikuwa kama kumwambia mama mwenyewe.
Chai ikapoa. Hakusema amenisamehe. Halafu akasema, "Basi niambie alikuwa anakaa aje. Na usiongeze, Anko."
Mfupi kunishinda. Mwanya juu. Akicheka anafunika mdomo. Sikio la kushoto limekunjika hapa, kama lako. Akalishika sikio lake na hakuliachilia mpaka nikamaliza.
Sikuongeza kitu. Hadithi yangu fupi kuliko zote.
Kikombe cha pili kilinywewa leo. Ameenda na fremu. Kamera ameniachia.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikwenda. Mvua kidogo. Mwikali ametuma ujumbe, neno moja: nilifika.
Nimefungua katalogi. Ukurasa wa kumi na nne kuna kakopo kadogo na bei yake. Hiyo ndiyo filamu. Nilikuwa nakaona kabla ya harusi na nikidhani ni dawa ya kusafisha kioo. Maneno yako hapo chini yake, mistari mitatu, lazima wameeleza kila kitu.
Niliachia shule darasa la tano. Kiingereza sijui. Hii katalogi sijawahi kuisoma hata siku moja. Huwa naangalia picha, halafu bei.