Mzee Salehe Bado Ana Kiti Chake

Baba,

Nimeandika gazetini habari za vifo vya watu wengi. Cha kwako sikukiandika. Leo nakuandikia wewe mwenyewe, na nakuja na ugomvi.

Ugomvi ni juu ya kiti cha Mzee Salehe.

Mpira ukianza, pale barazani kwetu Misima, wewe ulikuwa unazima sauti ya televisheni, halafu unamtangazia mwenyewe Mzee Salehe, rafiki yako asiyeona, kwenye kiti chake kando yako. Hukusema beki amezidiwa mbio. Ulisema, "Salehe, beki anakimbia kama kabeba gunia la mahindi mabichi, na winga anakimbia kama kaona wingu na mtama wake bado uko juani." Watu wenye macho mazima walikutazama wewe, wakaacha picha.

Sasa baraza ni tupu. Vijana wengi wanatazama kwenye simu, kila mmoja kainamia yake. Waliobaki, mdogo wangu Ramadhani kawahamishia sebuleni, sauti juu kabisa. Lakini watangazaji wa televisheni hawasemi mpira uko wapi, wanajua unaona. Wanasema, "Tazama hii!" Mzee Salehe atatazama nini?

Ramadhani akampa redio. Nilikuwepo siku hiyo, nimetoka Korogwe kikazi. Redio inafika kabla ya picha, Baba. Mzee Salehe akaruka: "Goli!" Kwenye televisheni kona ilikuwa haijapigwa.

Sebule ikachafuka.

"Babu, umetuharibia!"

"Redio kasikilizie kwako huko!"

Akaizima. Akapapasa fimbo yake. Ramadhani akamfungulia mlango, kistaarabu kabisa, kama anayemsindikiza mgeni.

Kazini mimi siingilii mambo, naandika. Siku ile niliingilia. Nilisema hatoki mtu, nikachukua rimoti, nikazima sauti.

"Dada, mambo hayo yamekwisha na Baba," Ramadhani akasema.

"Baba kafa. Mzee Salehe hajafa."

Nikaanza kutangaza kwa namna ninayoijua: nani ana mpira, yuko upande gani, dakika ya ngapi. Sikukosea hata jina moja. Mzee Salehe akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Lakini hii ni ripoti ya polisi."

Walicheka wote. Ungecheka na wewe, maana ulinijua: sentensi yenye "kama" ndani yake huwa naifuta. Ulikuwa ukisoma habari zangu unasema zimeiva, ila hazina chumvi.

Nikatazama tena. Kipa wetu alikuwa amesogea mbele mno. Nikasema, "Kipa kaacha nyumba wazi, kama aliyekwenda kuazima kiberiti kwa jirani."

Mzee Salehe akanigeuzia sikio. Halafu akauliza, "Jirani wa karibu?"

"Wa mbali."

"Basi tumekwisha!"

Na kweli, mpira uliinuliwa juu ya kichwa cha kipa, ukaingia. Tulifungwa, Baba. Lakini kwa mara ya kwanza tangu uondoke, Mzee Salehe alishika kichwa sekunde ile ile tuliyoshika sisi.

Baadaye Ramadhani aliniambia kwamba mechi ijayo sauti inarudi, maana vijana wanataka watangazaji wa kweli. Sikubishana naye. Niliondoka na rimoti. Iko kwenye mkoba wangu hapa Korogwe, pamoja na daftari, na kwenye daftari nimeanza kuokota mifano: mbuzi aliyeona mihogo imeanikwa, mama anayekimbizana na maziwa yanayofurika. Mingine ni mibovu. Nitaitumia hivyo hivyo.

Jumamosi nakuja Misima. Televisheni inarudi barazani, na asiyependa ana simu yake ya kutazamia.

Lala, Baba. Sauti yako siwezi kuiiga na sitajaribu. Ila kabla ya filimbi ya mwisho, hakuna tena atakayemfungulia mlango Mzee Salehe atoke.

Binti yako,
Zaina