Mfarishi wa Boneti

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Gari limefika. Kaka Suud amelileta mwenyewe kutoka kambi ya kampuni ya mafuta. Amelinunua kwa mhandisi wa Kiingereza anayerudi kwao. Jekundu, fupi, limeinama chini kama mtu anayejificha. Viti viwili tu, na nyuma hapana kitu. Paa lake ni turubai. Turubai! Na huko Finland anakosoma, kaskazini kabisa, anasema mwezi huu jua halichomozi, na mate yanaganda kabla hayajafika chini.

Mama aliuliza kwa nini hakununua gari la watu wazima. Kaka akasema hili lina mbio. Mama akasema, "Mbio za kwenda wapi, kwenye barafu?"

Mimi nilikuwa nahesabu viti. Katika viti viwili kimoja ni changu. Baba amekubali: nitakwenda na Kaka kwa gari mpaka Dubai, Dubai tutapanda meli pamoja na hilo gari, na Kuwait nitashuka kwa Shangazi Muhsina, yeye aendelee na barabara mpaka Finland. Amenitafutia nafasi ya sekondari na wataniwekea mpaka skuli zifunguliwe Januari. Hapa Maskati, tulikohamia mwaka huu, skuli ya wasichana ndiyo kwanza imeanza. Mimi niliyesoma Mombasa, baada ya kutoka Unguja, mpaka kidato cha pili nakaa na watoto wanaojifunza alif. Alhamisi nilimfunga mmoja viatu. Nawapenda. Lakini nina miaka kumi na sita.

Baba hawezi kunipeleka, kazi yake ya wizarani bado mbichi. Peke yangu haiwezekani. Kwa hiyo ni kiti kile, au nisiende kabisa.

Jumatatu, 7 Desemba

Gari linalala kwa Amur, rafiki yake Kaka, mwisho wa Darsait. Amur ni fundi kambini. Sisi tunaletewa habari tu. Habari za leo: maji ya rejeta yataganda na kuipasua injini, lazima yachanganywe na dawa. Dawa imepatikana, debe zima. Inafanya kazi? Hakuna anayejua, maana hapa hapana baridi ya kuijaribia. Basi wakatia chupa mbili katika chumba cha barafu cha kambi, mnamowekwa nyama. Moja maji matupu, moja maji na dawa. Ya maji matupu imepasuka juu ya kondoo wa Waingereza. Mpishi kawafukuza wote wawili, na Amur kaonywa kazini.

Kaka amerudi anacheka. "Lakini ile ya dawa haikuganda," anasema.

Wakati wa kula akaongeza, kwa mzaha tu, kwamba huko watu hulifunika boneti kwa mfarishi, blanketi nene la kujazwa sufi, kama mtoto mchanga, injini isishikwe na baridi. Bibi akaacha kula.

Natamani Kaka angejaza mdomo wali akanyamaza.

Alhamisi, 10 Desemba

Mfarishi umeanza. Bibi katoa amri, na hakuna wa kumpinga, hata Baba. "Mtoto kanitoka Unguja ana ndevu mbili tatu," anasema Bibi. "Leo namwona mtu mzima, halafu nimwache akafe baridi njiani? Injini ikizimika katika hiyo theluji, nani atamsukumia?"

Kitambaa kizito kimenunuliwa Matrah, rangi ya kahawia, kibaya. Sufi imetolewa katika mito tuliyokuja nayo, na wangu umo. Sasa nalalia khanga zilizokunjwa.

Kupima boneti nilitumwa mimi na mdogo wangu Masouda. Nilipima vizuri, kwa uzi, nikafunga fundo kila pembe. Magoti ya Bibi hayamruhusu kwenda kwa Amur, gari halijui. Macho yake nayo yameingia ukungu, basi akaushika uzi, akaupapasa.

"Ongeza."

"Bibi, lenyewe ni dogo."

"Ongeza, mwanangu. Baridi huingilia pembeni."

Nikaongeza. Nilipogeuka akaongeza tena mwenyewe. Nimeshona tangu adhuhuri, vidole vinaniuma, na kitabu cha aljebra nilichotaka kudurusu kimepotea chini ya sufi.

Ijumaa, 11 Desemba

Leo minyororo. Huko magurudumu huvishwa minyororo yasiteleze. Hapa haiuzwi, kwa hiyo mhunzi wa Matrah kawatengenezea kwa mnyororo wa nanga. Baada ya sala tukaenda kuijaribu kwenye mchanga wa wadi ya Wattaya, bonde la mto mkavu, maana Kaka anasema mchanga na theluji ni ndugu. Tulikwenda sote isipokuwa Bibi.

Kaka akaondoka kwa kishindo. Kishindo hakikuwa cha injini. Gari liko chini mno, na kila gurudumu likizunguka mnyororo unapiga bodi, kama mtu anayegonga sufuria, mpaka rangi ikabanduka na mbuzi wote wa bondeni wakakimbia. Baba alisema neno la Kiarabu ambalo sitaliandika.

"Usihofu," Amur akamwambia Kaka. "Theluji yenyewe ikisikia hivi itakupisha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Watapunguza pingili mbili tatu, basi itafaa. Halafu nikawaona wanaipakia. Buti ina gurudumu la akiba, betri ya akiba na debe la dawa. Haikufungika. Amur akaichukua ile minyororo akaiweka mbele, kwenye kiti cha kushoto.

Kiti changu.

Jumapili, 13 Desemba

Ba, ta, tha. Mwalimu ameniomba nimsaidie kuwashikisha chaki wadogo. Kasema nisihuzunike, darasa langu nalo litafunguliwa hapahapa, inshallah, miaka si mingi.

Miaka.

Jumatano, 16 Desemba

Leo nimemwuliza Kaka wazi. Sepetu, jiko la mafuta ya taa, mablanketi, minyororo, na mimi, vyote vitakaa wapi?

"We mdogo, Kheiria. Utakunja miguu."

"Si ununue hivyo vitu hukohuko?"

"Hukohuko nitafikaje? Uturuki peke yake, Januari, theluji inafika kiunoni."

"Na mfarishi?"

Akajikuna sikio. Mfarishi hakuufikiria. Mtu anayesoma uhandisi!

"Basi uache hapa," nikamwambia. "Mwambie Bibi."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye unayeshonewa."

"Ndiyo maana siwezi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Nimekuwa mbali miaka yote hii. Kitu cha kwanza anachonishonea, nimwambie sikitaki?"

Nilikasirika zaidi, nikaenda kwa Mama.

Mama kaniambia niende kwa Baba. Baba kakataza mtu yeyote kumsumbua Bibi. Tangu tuhame halali vizuri, na kushona ndiko kunakompa usingizi. Kisha akasema, "Kaka yako anakwenda kwenye barafu. Wewe meli zipo nyingine."

Meli zipo. Wa kunipeleka ndiye hayupo. Hilo nilikuwa nalo ulimini. Nikasema, "Ndiyo, Baba," nikaondoka kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Mimi na adabu zangu!

Ijumaa, 18 Desemba

Umekwisha. Ungefunika boneti mbili, na ng'ombe juu yake. Tumeukunja watu watatu, Mama ameukalia ili sufi ishuke, Masouda na mimi tukaufunga kamba. Tulipoufunga ulikuwa na ukubwa wa mtu aliyekaa.

Bibi ana furaha. Anaimba tangu asubuhi. Kaniita, kanibusu vidole vyote vilivyochomwa na sindano, kasema nikisoma Kuwait nimsomee na yeye.

Kaka anaondoka kesho alfajiri. Hakuna aliyesema mimi siendi. Hilo ndilo linalonichosha. Wangesema, ningelia nikamaliza. Lakini kila mtu ananipa chai, ananiuliza kama nimekula, na sanduku langu limesogezwa taratibu kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda. Nani kalisogeza? Hakuna.

Nimelirudisha mlangoni.

Jumamosi, 19 Desemba

Gari liko mbele ya nyumba. Naandika nikiwa ndani yake, kwa penseli, juu ya goti.

Walimaliza kupakia baada ya sala. Mfarishi wakauweka kwenye kiti cha kushoto. Niliwaacha wamalize. Kisha nikafungua mlango nikapanda juu yake, na sanduku langu mapajani. Kichwa kimegusa turubai, shingo imepinda, minyororo iko chini ya nyayo. Mlango haufungiki.

Kaka kasema, "Shuka, Kheiria, usitutie aibu mtaani." Nimesema sishuki. Sijapata kumwambia mkubwa hivyo maishani. Mama kajifunika uso kwa mtandio; analia au anacheka, sijui. Baba kaniita jina langu mara moja tu. Nimetoa daftari ili mikono ipate kazi.

Sasa Masouda anamleta Bibi, aje kuaga. Bibi kaweka mkono juu ya boneti. Anapapasa, anazunguka, amefika upande wa pili upesi kuliko alivyotegemea.

"Ndo hili? Ndo lote?"

"Ndilo lote, Bibi," anasema Amur.

Anakuja upande wangu. Mkono wake umegusa mfarishi, halafu mguu wangu.

"Nani huyu?"

"Mimi, Bibi."

"Mbona umekaa juu kama kuku anayelalia mayai?"

"Kiti kimejaa, Bibi."

"Si ukae cha nyuma."

Kanyoosha mkono nyuma ya kiti, kapapasa bodi tupu.

"We Suud. Cha nyuma ki wapi?"

"Hakuna, Bibi. Ni viwili tu."

"Na huyu nnayemwombea safari kila sala, mlikuwa mnamweka wapi?"

Baba anatazama viatu vyake. Kaka anatazama boneti. Amur kasema pole pole kwamba njia ya Suhar kwenda Dubai ni ndefu na jua linapanda. Hakuna anayemsikiliza. Bibi kafungua fundo la kamba. Mfarishi unafura chini yangu, kichwa changu kinazidi kuingia turubaini. Ameupata upindo, anaupapasa kwa kidole gumba, mshono wake, mshono wangu, mshono wake.

"Masouda," anasema, "nenda kaniletee mkasi."