Kadi ya Baba Masjalani

Nyumba ya Ghorofa, Mlango wa 9,
S.L.P. 418,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu, na zaidi ya salamu, hamu ya kukuona. Mgongo umepoa, au bado unapanda ngazi umeshika kiuno? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo mzima. Kiti chako mezani bado hatukikalii.

Kazini nilipewa kibarua. Masjala ya hospitali ina kadi elfu sita za wagonjwa wa zamani kwenye kompyuta, nami nikatakiwa kukagua majina. Programu yangu ya kwanza ilizibeba zote kwa mpigo, mashine ikaganda. Karani mkuu akanielekeza nitengeneze iterata: kitu kinachoipitia orodha kikikumbuka kilipofikia, na kila ukiomba kinachofuata kinakupa kimoja tu. Mistari michache, ikakubali. Nabonyeza, kadi inakuja, nabonyeza, nyingine.

Jumanne kidole kilikuwa kimeshazoea. Kadi moja ilipokwisha kupita ndipo nikatambua jina nililolisoma. La Baba.

Iterata hairudi nyuma, Kaka. Huenda mbele tu mpaka orodha iishe. Ikabidi niunde nyingine ianzie kadi ya kwanza, nikaiandikia isimame penye jina lile. Ilichukua sekunde chache, na nusu yangu ilikuwa inaomba niwe nimesoma vibaya.

Ni yeye. Miaka minne iliyopita alilazwa wodi ya pili kwa maradhi ya mapafu, siku kumi na moja. Dirisha la wodi ile naliona nikiwa nimeketi kazini. Aliruhusiwa, akaondoka kwa miguu yake. Anwani hakuandika.

Nilimfuata muuguzi wa wodi. Alimkumbuka: mzee mpole, hakuwahi kupata mgeni hata mmoja. Alipomwuliza mbona haiti mtu wake, akajibiwa hivi: "Mwanangu yuko mbali kikazi, msimsumbue."

Mama nimemwambia. Aliuliza tu kama kikohozi kilipona.

Najua hutaki atajwe, na sikulaumu. Wewe ndiye uliyeacha shule ili sisi tule. Ila kwenye kadi, penye ndugu wa karibu, ameandika jina lako, na kando yake: fundi umeme. Kaka, alipotuacha ulikuwa bado unavaa sare ya shule. Nani alimwambia? Basi miaka yote hiyo alikuwa akiulizia habari zetu, na mimi nilidhani ametufuta.

Njoo tumtafute. Peke yangu sina moyo wa kubisha mlango wake.

Nisalimie Wifi, na yule Kidoti wetu. Mwambie shangazi anangoja mchoro mwingine. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akushike kwenye kila nguzo unayopanda, akulete.

Dada yako akupendaye,
Kitindamimba