Pombe Iliyonywewa Kabla ya Jibu Langu

Bukavu, Nguba, tarehe 14 Agosti 2001

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapendo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia usingizi. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Bruno amerefuka, suruali yake ya shule sasa inaishia karibu na magoti. Dada yako, Tante Euphrasie, ana nguvu zake zote, hasa za kunigombeza. Padri Constantin atapita huko kwako Lwiro na gari la parokia, ikiwa wenye silaha barabarani watamruhusu, ndiyo maana naandika haraka.

Papa, najua unangoja kusikia tarehe ya safari yangu. Yannick na mama yake, Maman Virginie, walifika kutoka Ubelgiji kwa njia ya Kigali, wakavuka daraja la mpaka la Ruzizi kwa miguu na mizigo yao. Kama mlivyopatana, tante alipaswa kunipeleka kwao tuonane, na kama nikikubali, niolewe na kuondoka nao nje ya vita hivi. Uliandika kwamba utakubali lile nitakalosema mimi mwenyewe. Naomba ulikumbuke neno hilo unaposoma.

Walitualika tukae nao siku chache katika ile hoteli ya Wabeleji pale La Botte, ile uliyotuambia kwamba utotoni uliiona kwa kuchungulia uani tu. Vita vya kwanza, vya mwaka 1996, viliiacha bila madirisha na bila milango. Sasa wafanyabiashara wameitengeneza upya. Ngazi za mbao zinang'aa mpaka nikavua viatu nisizikwaruze, na mhudumu mmoja, Papa Chrispin, akanisihi nivivae kwa sababu wageni wengine wanatazama. Vitasa ni vya shaba. Ukutani kuna picha za Wazungu wakicheza tenisi, na kando yake rangi ni mpya zaidi pale walipoziba matundu ya risasi. Bafuni maji ya moto yanatoka ukifungua tu. Nilijifuta kwa kitenge changu, maana niliogopa kuuliza kama mataulo yale meupe ni yetu.

Lakini kilichonishinda ni kitanda. Unajua huku tunalala tumevaa, viatu miguuni, kifurushi mlangoni. Pale nililala na gauni la kulalia kama mtu wa zamani, kabla ya vita. Asubuhi tante alinikuta nimetandaza mikono na miguu kitanda kizima, akacheka, akasema tayari nimekuwa Mbeleji.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, tuliketi kwenye baraza linalotazama ziwa kwa ajili ya pombe ya kuniuliza. Hoteli hairuhusu vinywaji kutoka nje, lakini Maman Virginie alisema hawezi kuposa binti wa kabila la Kishi kwa bia ya chupa. Basi bido la plastiki lenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, liliingia ndani ya valizi ya nguo, limefungwa kwa sweta za Yannick. Papa Chrispin aligundua kwa harufu, akaguna, kisha akatumiminia katika glasi za divai, kitambaa cheupe mkononi, akituomba tunywe upesi kabla meneja hajapita.

Unaijua mila kuliko mimi. Binti anapiga magoti, anaulizwa kama watu wake wanywe, anaonja kwanza kuonyesha kwamba amekubali, kisha anampa shangazi yake. Nilipiga magoti. Waliniuliza. Nilishika glasi, sauti haikutoka. Tante akaona ni haya tu, ile haya yangu ya siku zote, na labda alimwogopa meneja pia. Akaitwaa glasi mkononi mwangu akanywa yote. Maman Virginie akapiga vigelegele. Yannick peke yake aliendelea kunitazama, kama mtu anayengoja kitu.

Papa, sikuonja. Lakini ukweli ni kwamba sikunyamaza kwa haya peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilikitaka kile kitanda. Nilitaka maji yale ya moto, na nchi ambako mtu analala bila viatu. Yannick ni kijana mwema, anafanya kazi katika duka la dawa kule Liège, hakunikosea neno. Ningeweza kuondoka hivyo hivyo, kimya.

Asubuhi iliyofuata tukiwa kwenye kahawa, Maman Virginie alikuwa na furaha nyingi. Alimwambia tante mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti: "Nilimupenda huyu kwa sababu hasemi. Ule binti mwingine Yannick alileta mbele ya huyu, eh! Alikuwa anasema kama radio!" Tante akacheka naye. Nikajiona miaka mingi mbele, katika nyumba yenye joto, watu wakinijibia kila kitu.

Nikasimama. Kitambaa cha mezani kilinaswa kwenye bangili yangu, kijiko kikaanguka, meza zote zikageuka. Nikasema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua, kwamba jana niliulizwa na sikujibu, na leo najibu. Namshukuru Yannick na mama yake, lakini siolewi wala siondoki Bukavu.

Tante alinivuta kitambaa cha kichwa. "Keti, Laurette! Pombe iko mu tumbo, itarudi namna gani mu bido?" Nikamjibu kwamba tumbo ni lake, mimi sikuonja. Maman Virginie akauliza kama nimerogwa, kama nataka kufa hapa na diplome yangu ya sekondari. Hapo Yannick akaikunja serviette yake ya kufutia mikono polepole, akamwambia mama yake aache, kwamba tangu jana alikuwa anangoja kunisikia, na sasa amesikia. Wao wawili walivuka Ruzizi kurudi jana, kabla sijaandika barua hii. Tante hajanisemesha tangu hapo isipokuwa kuniambia nichote maji.

Sasa lililobaki, papa, ambalo tante mwenyewe hajui. Kabla ya hoteli nilikuwa nimekwenda kwa mtawa Sœur Marie-Louise, nikafanya mtihani wa kuingia shule yao ya wauguzi, nikapokelewa. Naanza Septemba. Wenzako walipokimbia kituo cha utafiti cha Lwiro, wewe ulibaki na mikrosikopu na ndege wako waliokaushwa, ukasema mtu lazima abaki. Hukumwomba mtu ruhusa. Mimi naiomba yako, lakini sitakudanganya kwamba nikiikosa nitaacha.

Tante amekuandikia pia, na Padri anabeba barua zote mbili. Tafadhali usimkasirikie. Alitaka niishi.

Wasalimie wote wa kituo, na Maman Yolande anayekupikia. Bruno anakubusu. Ukiniita ili unitie akili, nitapanda gari la kwanza litakaloruhusiwa kupita, nitapiga magoti mbele yako, nawe utaniuliza mwenyewe. Nitakujibu hivi hivi, kwa sauti.

Ni mimi binti yako,

Laurette