Uji Ndani ya Rejeta

Pito, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Baridi imeanza, mama yako anavuna ulezi. Tangu tumzike babu yako, mbwa wake hulala chini ya pikapu.

Unaandika kwamba maji ya rejeta ya gari lako hupungua kila siku, nawe "unaongeza tu." Jamani! Umekuwa babu yako kabisa! Pikapu aliinunua magari ya mtumba yalipoanza kuingia. Siku moja tulipanda mlima kutoka Ilemba kuwahi hospitali, mama yako Anna, mtoto bado, akitetemeka kwa homa. Injini ikachemka. Babu akaongeza maji, yakaisha. Akamimina unga wetu wa ulezi, eti uzibe tundu. Ukawa uji!

"Baba Anna, hayo maji yanavujia wapi?"

"Wewe shika mtoto, gari niachie."

Nikampa mtoto yeye. Injini ilipopoa nikapapasa mipira inayopitisha maji ya rejeta, mkono ukalowa penye klipu ya kuibana, imelegea. Tukaikaza kwa kisu, tukaosha uji kwa maji ya kijito, tukajaza mengine, tukamfikisha Anna akiwa hai.

Tangu hapo babu yako alipapasa mipira kila asubuhi, amenuna. Sasa haipapaswi na mtu. Ukipapasa ya kwako, injini ikiwa imepoa, utukumbuke sote wawili.

Bibi yako